Waandishi Hawa Wako Wapi, Mwalimu?

Kauntabuku lenyewe ni la kawaida: kwaya mbili, jalada gumu, mgongo umeshikizwa kwa selotepu. Linakaa juu ya meza ya muuza vitabu vilivyotumika, karibu na soko la Manundu mjini Korogwe, mahali ambapo wafanyabiashara wengine huweka daftari la madeni. Ndani yake hamna hesabu yoyote. Mna maswali. Mwenye nalo amepiga mistari kwa rula na kugawa kila ukurasa safu nne: kitabu, swali, mwandishi, jibu. Safu tatu za kwanza zimejaa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Ya nne ni nyeupe, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa mahali pachache sana.

Mzee huyu alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na wateja wake bado wanamwamkia “Shikamoo, Mwalimu”. Nami nitamwita hivyo, kwa kuwa hakupenda jina lake litoke gazetini. Ananunua vitabu kwa vijana wanaomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, anavisafisha, kisha anavirudisha mezani kwa wanaoanza kidato cha tatu. Kusafisha ni kukaa na raba na kufuta penseli. Na pembezoni mwa vitabu vya fasihi kuna penseli nyingi: hapa dhamira, hapa tashibiha, hapa mhusika bapa, hapa mwandishi amefaulu.

Katika kufuta, Mwalimu alianza kukutana na maandishi ya namna nyingine. Yalikuwa maswali ambayo hakuna mwalimu aliyeyatoa na hakuna mtihani ambao ungeyauliza, na mengi yalimwelekea mwandishi moja kwa moja, kwa jina lake. Aliona vibaya kuyafuta kabla hayajafika yalikokuwa yanakwenda. Akanunua kauntabuku, akawa anayanakili kwanza, ndipo anafuta.

Nilikaa kwenye benchi lake nikiyasoma mpaka jua likahamia upande wa pili wa turubai. Swali lililonishika ni la kwenye “Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe”, ile tamthilia ya Edwin Semzaba ambayo karibu kila aliyepita sekondari nchini anaijua. Kila mmoja anakumbuka karani wa sensa anayefika kijijini kuhesabu watu, akampenda Mazoea, na mwisho Mzee Mitomingi akazitia moto karatasi zote za hesabu. Shule zetu zimeuliza kuhusu uzembe wa Ngoswe kwa miaka mingi. Huyu msomaji wa Korogwe, ambaye jina lake limekatika pamoja na kona ya jalada, alikuwa na jambo jingine. Alitaka kujua kuhusu wale watu walioandikwa katika karatasi zilizoungua. Je, walihesabiwa tena? Au serikali ilipanga mambo yake kana kwamba hawapo? Chini yake, kwa kalamu ya mtu mwingine, pengine aliyekinunua kitabu hicho baadaye, kuna nyongeza: sensa ya Agosti 2022 makarani walikuja na vishikwambi, sasa Mzee Mitomingi angechoma nini?

Vizazi viwili vya wasomaji vimezungumza ndani ya kitabu kimoja, na mtu waliyemkusudia hakusikia. Semzaba alifariki dunia mwaka 2016. Alifundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye mwenyewe alipanda jukwaani kuigiza. Jina lake ni la huku huku. Orodha ya mahudhurio ya shule yoyote ya Handeni au Korogwe imejaa majina yanayoanza na Se. Katika safu ya mwandishi, Mwalimu ameandika “marehemu” kwa wino mwekundu. Ameandika hivyo pia kwa Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, na kwa Ben Mtobwa, wa mwaka 2008. Wino huo mwekundu ni mwingi kuliko nilivyopenda kuuona.

Maswali mengine nayafupisha. Msomaji mmoja wa “Watoto wa Mama N’tilie”, riwaya ya Emmanuel Mbogo, alitaka kuambiwa Mzee Lomolomo alikuwa mtu wa namna gani kabla ya pombe, kwa sababu hakuna mtu anayezaliwa mlevi. Mwingine, kwenye “Takadini”, hakuuliza kuhusu mhusika wala mila. Aliuliza kama mwandishi amewahi kukaa na kula na mtu mwenye ualbino. Penseli ilikandamizwa sana hapo, Mwalimu anasema, hata raba haikuweza kuondoa alama.

Kinachonisumbua ni hiki. Tunamfundisha kijana wa miaka 16 kuandika kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ni sehemu ya uchambuzi ambayo sote tumeipitia: mwandishi amefaulu kimaudhui, amefaulu kifani, lakini ameshindwa kutoa suluhisho. Kijana wa Misima au Magoma anatoa hukumu hiyo bila kumwona hata mmoja wa hao anaowahukumu, na bila kudhani kwamba anaweza kuonekana. Mwalimu anaamini watoto wengi huchukulia kwamba waandishi wote wamekwisha kufa, na ana maelezo yake, ambayo sikuyategemea. Nakala nyingi zinazozunguka huku ni fotokopi. Anayedurufu hutoa kurasa za ndani, akaweka karatasi ya manila kuwa jalada, basi. Jalada la nyuma, lenye picha ya mwandishi na mistari michache kuhusu maisha yake, halimo. Tumezoea kulalamika kwamba nakala hizo zinamnyima mwandishi fedha, na ni kweli. Mzee huyu amenionyesha kwamba zinamnyima na sura. Aliweka mezani nakala mbili za kitabu kimoja, halisi na fotokopi, akanitaka nitafute mtu katika ile ya pili. Hayupo.

Vijitabu vya uchambuzi vinamalizia kazi. Vinauzika haraka kuliko vitabu vyenyewe, na Mwalimu anaviuza pia, kwa sababu anakula kwa meza hiyo. Mzazi mwenye pesa ya kitabu kimoja hununua kile kinachoahidi kueleza vitabu sita. Mwalimu hamlaumu mzazi huyo, nami siwezi.

Mikutano ya wasomaji na waandishi ipo, msomaji wa gazeti hili anaijua. Dar es Salaam kuna Wiki ya Vitabu na matamasha ya wachapishaji. Tangu 2023 kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa Aprili 13. Nairobi wana maonyesho yao ya kila mwaka. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, na riwaya yake “Paradise” ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la “Peponi”, ikitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ilizungumzwa katika kumbi nzuri. Yote ni mambo mema. Ila mwandishi hukutana na msomaji palipo na ukumbi, na vitabu vya ziada vinasomwa kwa lazima na kwa wingi pasipo na ukumbi.

Mwalimu alikwenda kwenye tamasha mojawapo huko Dar es Salaam. Alipanda basi la alfajiri akiwa na kauntabuku ndani ya mfuko wa rambo. Alimkuta mwandishi aliyekuwa akimtafuta, amekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, na foleni mbele yake. Akapanga. Zamu yake ilipofika aliulizwa jina, akalitaja, likaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na sahihi na salamu za heri, na mtu wa nyuma yake alikuwa ameshanyoosha mkono. Anasema mwandishi alikuwa mpole na alimtazama usoni. Lakini kutoa kauntabuku pale, na watu wamesimama, na kuanza kusoma swali la mtoto wa Sindeni kuhusu ukurasa wa 43, aliona ni kumvunjia mtu heshima. Akashukuru, akaondoka. Kitabu chenye sahihi anacho, hakiuzi. Kwenye kauntabuku, safu ya nne, siku ile hakuandika kitu.

Nilimuuliza yeye mwenyewe angependa kuonana na nani. Hakufikiri. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa “Habari za Wakilindi”. Kitabu hicho kilichapwa kwanza kwa sehemu tatu katika misheni ya Magila, Muheza, kati ya 1895 na 1907, kisha kikatolewa upya mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Kinaanza na Mbegha, mwindaji aliyefukuzwa kwao Nguu, akapita Kilindi akipiga nguruwe, akapanda milima ya Usambara na nyama, akaishia kuwa mtawala Vugha. Watoto wa Handeni na Korogwe wamesikia habari za Mbegha kwa bibi zao. Wachache sana wameambiwa kwamba kuna mtu aliyekaa akaziandika kwa Kiswahili, na kwamba mtu huyo aliishi Mazinde, wilaya hii hii ya Korogwe, akimtumikia Semboja. Hapo ndipo lilipo swali la Mwalimu. Abdallah aliandika habari za vita vya wakubwa ambao mmoja wao alikuwa bwana wake. Mwalimu angemuuliza ni yapi aliyoyaona kwa macho akaamua kuyaacha. Amelinakili swali lake mwenyewe kwenye kauntabuku, katikati ya maswali ya vidato, kwa mwandiko ule ule.

Siku za gulio hupakia maboksi kwenye koasta na kwenda Handeni, kilomita 65 za lami, akatandika vitabu vyake Chanika. Huko ndiko safu ya nne ilikopata majibu yake machache.

Alikuwa na riwaya fupi ya mwandishi mmoja wa Dar es Salaam, haimo katika orodha ya shule. Mwandishi huyo alijichapishia, anajiuzia, na kama wafanyavyo wengi wa namna yake ameandika namba ya simu nyuma ya kitabu. Kundi la wanafunzi wa kidato cha tatu lilikuwa limekisoma kwa zamu, kwa kuwa mwalimu wao wa Kiswahili aliwaruhusu wachambue riwaya yoyote kwa kazi ya nyumbani. Mwalimu akapiga. Ikapokelewa. Akaweka simu kwenye spika, akailaza juu ya rundo la atlasi, na watoto wakainama kuizunguka huku wachuuzi wa nyanya wakipaza bei zao pembeni.

Kijana mmoja aliuliza mwandishi analipwa kiasi gani. Jibu lilikuwa kwamba yeye ndiye aliyelipa kiwanda, na maboksi bado yako chini ya kitanda. Msichana akauliza kwa nini mama wa kambo lazima awe mbaya. Mwandishi akakiri kwamba hakuwahi kujiuliza, akamtaka binti aseme angemwandikaje, na binti akasema, kwa kirefu. Mwalimu anasimulia sehemu hii akiwa amesimama.

Kisha mwanafunzi mmoja akauliza swali la darasani, lile la kufaulu na kutofaulu, ila safari hii alimuuliza anayehusika: wewe unaona ulishindwa wapi? Kimya kilikuwa kirefu mpaka Mwalimu akadhani salio limekwisha. Mwandishi akasema sura ya mwisho. Dada wa mhusika mkuu alipangwa afe. Lakini wakati wa kuandika, dada yake yeye mwandishi alifariki, na mkono ukakataa. Akamwacha hai. Anajua hadithi inayumba pale, na hajutii.

Mwanafunzi aliandika maneno hayo kwenye uchambuzi wake kama yalivyosemwa. Karatasi ikarudi na wino mwekundu ukitaka ushahidi kutoka kitabuni, na ukurasa. Mwalimu anaona mwenzake ana haki, kwa maana ndivyo uchambuzi unavyofundishwa: hoja lazima itokane na kazi yenyewe. Anaona na mwanafunzi ana haki, kwa maana amesikia kwa masikio yake. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi na sijaweza kumpa mmoja ushindi. Mwanafunzi ameisoma sura ya mwisho upya na anadai ameupata ukurasa, pale dada anapoitwa na haitiki mara ya kwanza. Anataka mwandishi amwambie kama ni hapo.

Mwandishi amekubali kupigiwa tena. Mwalimu anataka iwe darasani, ndani ya kipindi, mwalimu wa somo akiwepo ili naye aulize. Amekwenda shuleni kuomba, mkuu wa shule akamwambia alete barua. Barua ameshaiandika, alinionyesha. Ameomba dakika 40.