Kericho hadi Mombasa kwa Kupitia Marekani

Wasomaji wangu wa Mwambao, sisi chai tunaijua kuanzia kikombeni. Tunaijua ya rangi na ya maziwa, ya iliki na ya tangawizi, na sisi wa Mombasa tunayajua na maghala ya Shimanzi na Changamwe ambamo hungoja mnada. Lakini kule itokako, kwenye vilima vya Kericho na Bomet, wengi wetu hatujafika. Mimi nimefika, na ninalotaka kusimulia leo ni safari ya habari zake. Chai husafiri kwa lori, habari zake husafiri kwa kompyuta. Na safari mbili hizi zafanana kwa mengi, zikaachana kwa machache yaliyo makubwa.

Tuanze na lori. Mkulima wa Mogogosiek au wa Litein huchuma majani yake, akayabeba kwa kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, yakapimwa, yakachukuliwa na gari la kiwanda siku hiyo hiyo, kwani jani bichi halina subira. Yakishakuwa chai kavu hutiwa katika mifuko ya karatasi nzito, na kila mfuko hupigwa chapa: jina la kiwanda, daraja la chai, uzito, na nambari ya shehena. Mchukuzi wa Mombasa hamjui mkulima wala hana haja ya kumjua. Yeye husoma chapa, basi.

Sasa tuseme karani wa kiwanda hicho ataka kumpelekea dalali wake wa Mombasa orodha ya chai itakayouzwa. Abonyeza kitufe, na orodha yafika. Wengi hudhani kuna uzi mmoja uliotandazwa toka meza ya karani hadi meza ya dalali. Sivyo. Kompyuta huikata orodha ile vipande vipande, viitwavyo pakiti, na kila pakiti kwa kawaida haizidi kadiri ya herufi 1,500. Kila moja hupigwa chapa yake: anwani itokako, anwani iendako, na nambari ya kumwezesha mpokeaji kujua ipi itangulie na ipi ifuate. Fikra hii waliitoa Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza katika miaka ya 1960, kila mmoja kivyake. Mtandao wa Arpanet, ulioifuata, ulianza kazi Marekani mwaka 1969, mwaka ule ule mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa.

Njiani mna njia panda nyingi, na kila njia panda pana kifaa kiitwacho ruta. Pale Kericho nilimwuliza kijana mmoja fundi wa mitambo hii: "Mwanangu, kisanduku hiki kinaijua njia ya Mombasa?"

Akacheka. "Hapana, mzee. Kinamjua jirani yake tu."

Jawabu hilo ndilo kiini cha mambo yote. Ruta ina daftari lake, na katika daftari mmeandikwa kwamba anwani za namna hii zipelekwe kwa jirani huyu, na za namna ile kwa yule. Pakiti ikiingia, ruta husoma iendako, hutafuta katika daftari mstari unaoafikiana nayo kwa karibu zaidi, kisha huisukuma mbele. Kazi hiyo humalizika kabla hujapepesa jicho. Jirani naye hufanya vivyo hivyo, na jirani wa jirani, mpaka pakiti ikafika kwa mwenyewe.

Na daftari lenyewe huandikwa na nani? Aghalabu ruta huliandika zenyewe, kwa kuulizana hali. Kila moja huwaambia majirani zake: "Mimi naweza kufika mahali fulani na fulani." Njia ikikatika habari hupita, daftari likaandikwa upya. Na kwa kuwa majirani wawili waweza kudanganyika, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ajuaye, pakiti hupewa na hesabu ya hatua. Kila ruta hupunguza moja. Hesabu ikifika sufuri pakiti hutupwa, isije ikazunguka milele.

Hapa ndipo safari mbili zinapoachana. Mfuko wa chai ukianguka Mtito Andei, umepotea. Ruta ikizidiwa na foleni hutupa pakiti bila ya kusema neno, na wala si msiba: mpokeaji huona nambari imeruka, na mpelekaji, aliyeweka nakala, huipeleka tena.

Lakini njia hizi hutegemea watu kupatana, na hili latugusa sisi. Mwaka 2000 Kenya haikuwa na mkonga wa chini ya bahari. Makampuni ya intaneti ya humu nchini hayakuwa na mahali pa kukutana, kila moja lilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo kwa setilaiti. Barua ya Kericho kwenda Mombasa, ambako kwa barabara ni kama kilomita 750, ikipita kutoka kampuni moja hadi nyingine ilipanda mbinguni kilomita 36,000, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapanda tena, ikashuka Mombasa. Jumla yake kilomita 144,000, na gharama ililipwa kwa fedha za kigeni.

Novemba mwaka huo makampuni hayo yalifungua Nairobi kituo cha kukutania, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ikapinga, na tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe. Baada ya mabishano marefu kilipewa leseni, kikafunguliwa tena Februari 2002. Baadaye Mombasa nayo ikapata kituo chake.

Faida yake ilionekana Mei 2024, mikonga miwili, EASSy na SEACOM, ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Ruta zilizigeuza pakiti kwenye njia zilizosalia, njia zikajaa, mambo ya ng'ambo yakazorota. Lakini barua ya jirani kwa jirani haikuwa na haja ya kupita huko.

Mnada wa chai sasa hufanywa kwa kompyuta, tangu 2020. Bei ya jasho la mkulima wa Bomet hupita katika njia panda hizi. Na bado mwenye kuweka sanduku lake la barua Ulaya, barua zake zitakwenda Ulaya kwanza, hata akimwandikia mtu wa mtaa wake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ruta haijui zaidi ya jirani yake. Ni juu yetu kuchagua majirani hao wawe nani, na wakutane wapi.