Haki ya Mnunuzi Katika Mnada wa Mtandaoni (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, linavyoendesha mnada: kila mnunuzi anaingiza bei yake kwenye mfumo akiwa popote alipo, na wakulima wakiiridhia bei ya juu, mzigo unauzwa. Ufuta, mbaazi na korosho zimekwisha kuuzwa hivyo. Lakini asiyesafiri hauoni mzigo. Anayelipia ufuta ulioko ghalani Handeni huku yeye yuko Dar es Salaam amelipia yale yaliyoandikwa kwenye orodha ya mnada: uzito, ubora, unyevu. Yakiwa si kweli, hasara ya siku hiyo ni yake. Hasara ya msimu mzima ni ya mkulima.

Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima lililotumika na lile bovu hutoa bei ya wastani kwa yote, na wenye magari mazuri huondoka sokoni. Ndivyo inavyomfika mkulima wa Kabuku aliyepepeta ufuta wake vizuri ukachanganywa ghalani na wa jirani aliyeongeza mchanga. Mnunuzi aliyekuta mchanga hajui umetoka kwa nani, hivyo mnada unaofuata anawapunguzia bei wote. Kwa mkonge wa Korogwe, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Nyuzi za daraja la 3L zinatakiwa kuanzia sentimita 90, za UG sentimita 60, na tofauti hiyo ndiyo bei yenyewe. Robota likishashindiliwa na kufungwa, hakuna anayelifungua kuona kama fupi zimefichwa katikati.

Wapo watakaouliza kwa nini tumtetee mnunuzi, wakati ni wafanyabiashara waliomnyonya mkulima kwa lumbesa na mizani iliyochezewa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yanaumiza. Ila hila ya muuzaji haimpati mlanguzi wa jana. Inampata aliyekubali kushindana hadharani, na akikimbia, mlanguzi ndiye anayebaki. Wengine husema mnunuzi aende mwenyewe ghalani akakague. Mwenye wakala Korogwe ataweza. Mwenye kiwanda kidogo Mwanza hataweza, naye ndiye tunayemhitaji ili bei ipande. Ukaguzi wa lazima unaturudisha kwa wanunuzi wachache wanaofahamiana, ambao mnada wa mtandaoni ulikusudiwa kuwavunjia umoja wao.

Sheria haimwachi mnunuzi ajihadhari peke yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Muuzaji anayeweka mtu wake apandishe bei kwa siri anampa mnunuzi haki ya kuyahesabu mauzo kuwa ya ulaghai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Lakini kesi huchukua muda, na ufuta haungoji. Kwa hiyo dawa ianzie ghalani: kila gunia na kila robota libaki na alama ya aliyelileta, sampuli iliyotiwa lakiri ihifadhiwe hadi mnunuzi apokee mzigo, na kila chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kiwe na kumbukumbu ya wazi ya mizigo iliyokataliwa. Mtandao wa eBay, ulioanza mwaka 1995, uliwawezesha watu wasiojuana kuuziana kwa sababu rekodi ya kila muuzaji iko wazi kwa wote.

Pingamizi zito limebaki moja. Mnunuzi akilindwa kwa kuzuia malipo mpaka apokee mzigo, mkulima mwenye ada ya kulipa atateseka, na hapo sikubaliani na wanaotaka malipo yote yazuiwe. Izuiwe sehemu ndogo tu, kwa siku zilizotajwa kabla ya mnada, na alama ya gunia itumike ili fidia imkate aliyetia mchanga, si chama kizima. Gharama ya upimaji nani aibebe, tutalijadili katika sehemu ya tatu.