Dizeli Inayozima Ovyo: Pima Kwanza, Pampu Baadaye

Kwa mfanyabiashara wa mazao, pikapu ya dizeli ni mtaji unaotembea. Ikizima njiani na nyanya zikiwa zimepakiwa, hasara huanza papo hapo. Hasara kubwa zaidi huja baadaye gereji, pale mwenye gari anaposhauriwa kununua pampu ya nozeli, kipuri cha bei kali, wakati ubovu huenda uko kwenye mpira au klipu.

Ubovu wenyewe ni wa kuja na kuondoka. Gari hukosa nguvu mlimani, huzima, na baada ya muda huwaka kama kawaida. Likifika kwa fundi, linanguruma vizuri.

Kwa injini za zamani zenye pampu isiyotumia kompyuta, yafaa kuchunguza mambo matatu.

Hewa: katika magari mengi ya aina hiyo, dizeli hufyonzwa kutoka kwenye tangi. Mpira uliopasuka upande huo huingiza hewa bila kuvujisha hata tone, hivyo anayetafuta mafuta yanayodondoka haoni kitu.

Uchafu: takataka za tangi huvutwa na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizima, mvuto hukoma, takataka hudondoka na gari huwaka tena. Mfuniko wa tangi ulioziba tundu lake la hewa huleta dalili hizo hizo.

Umeme: pampu nyingi zina solenoidi inayofungua njia ya mafuta. Waya wake ukilegea, injini huzima ghafla kana kwamba ufunguo umezungushwa.

Vipimo vianzie kwenye vya gharama ndogo:

1. Gari likikosa nguvu, lisimamishwe na mfuniko wa tangi ufunguliwe. Hewa ikiingia kwa kishindo na nguvu zikarudi, mfuniko ndio wenye kosa.
2. Waya wa solenoidi ukaguliwe na kukazwa.
3. Maji yamwagwe kutoka kwenye filta, au filta ibadilishwe.
4. Mpira unaoonyesha ndani ufungwe kwa muda kati ya filta na pampu. Mapovu yakionekana, hewa inaingia.
5. Pampu ifyonze dizeli safi kutoka kwenye dumu. Ubovu ukitoweka, pampu haina kosa. Tatizo liko kati ya tangi na pampu.

Injini za kisasa za komonreli husomwa kwanza kwa kompyuta. Mabomba yake hubeba shinikizo linaloweza kupita bar 1,000, na kuyalegeza injini ikiwaka ni hatari kwa maisha.

Dereva naye aandike kila tukio: mafuta yalikuwa kiasi gani, mlima au tambarare, ghafla au polepole. Kuzima ghafla huelekeza zaidi kwenye umeme. Kufifia polepole huelekeza kwenye mafuta.

Hesabu hii inamhusu pia mnunuzi wa magari yaliyotumika. Pikapu inayouzwa rahisi kwa sababu ya "pampu mbovu" yaweza kuwa na faida, au kuwa mzigo. Kipimo cha dumu kifanyike kabla ya kupatana bei.