Chumba Kimoja Kando ya Ngitili

Wajukuu zangu, leo tunajenga nyumba. Shikeni penseli, maana kosa la kwenye karatasi linafutika, la kwenye ukuta linabomolewa. Nyumba yetu ni ndogo: chumba kimoja cha mita 3 kwa 4 na baraza, mahali ambapo mtu aliyechoshwa na makelele ya Kahama au Geita atakaa siku mbili tatu akisikiliza ndege. Tunaiweka Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya ngitili, yaani msitu unaotengwa kwa malisho.

Kabla ya kuchora mstari wowote, sikilizeni kwanza habari za msitu huu.

Enzi za ukoloni, miti ya Usukumani, nchi ya Wasukuma, ilifyekwa katika maeneo makubwa ili kuwamaliza mbung'o, wale inzi wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Pamba nayo ikadai mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, ngitili nyingi za familia zilibaki bila wa kuzitunza. Ilipofika mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania.

Miaka miwili baadaye ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Jambo la busara kuliko yote lililofanywa na wataalamu wake ni kuwarudia wazee na kuuliza walichokuwa wakifanya zamani. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga malisho: mvua ikianza, eneo linafungwa, nyasi na miti vinapumua, kiangazi kikikaza, ng'ombe wanafunguliwa waingie kula. Hiyo ndiyo ngitili. Anayevunja mwiko huitwa mbele ya dagashida, mkutano wa jamii, na kutozwa faini.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: miti mingi haikupandwa. Chini ya ardhi iliyoonekana kufa, mizizi na visiki vilikuwa bado hai, vikingoja tu kuachwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000 katika Shinyanga ya wakati huo, kabla mkoa wa Simiyu haujamegwa.

Basi sharti la mchoro wetu ni moja. Nyumba hii haitakula msitu ambao watu waliuponya kwa miaka mingi hivyo.

Sharti hilo linatuondolea kwanza tofali za kuchoma. Tofali nyekundu zinapendeza, lakini tanuru lake humeza magogo usiku na mchana. Na miti ya ukanda huu tayari ina wadai wengine. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kule Geita, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, huimarishwa kwa magogo yaitwayo matimba, ili kuta zisiwaporomokee watu. Aliye chini ya shimo anayahitaji ili apande juu akiwa hai. Nyumba ya kupumzikia haina udhuru huo.

Kwa hiyo tutatumia matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha. Ni udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi. Huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji angalau siku saba, nayo hukaza taratibu. Yana vijinundu na vishimo vinavyoshikana, kwa hiyo hata saruji ya kuungia ni kidogo.

Udongo gani unafaa? Hapa ninyi mnaweza kumsaidia fundi. Jazeni udongo nusu chupa yenye kuta angavu, ongezeni maji, tikiseni kwa nguvu, kisha iacheni hadi kesho yake. Mchanga utatua chini, mfinyanzi utakaa juu. Mkiona mchanga ndio mwingi na mfinyanzi upo wa kutosha kushikanisha, hapo pana matofali.

Wakulima wa Kisukuma huusoma udongo kufuata mteremko. Juu, karibu na miamba ya granite, kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini kabisa kuna mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mbuga hulisha mpunga vizuri, lakini ukijenga juu yake ukuta utapasuka pamoja nayo. Nyumba yetu itasimama juu, kwenye luseni, ukingoni mwa ngitili na si katikati, ili njia ya miguu isiukate msitu. Msingi tutauinua kwa mawe ya granite, maana mchwa wa huku hawana huruma na ukuta unaogusa ardhi.

Sasa jua. Shinyanga iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma kuta. Choreni upande mrefu utazame kaskazini, mwingine kusini, na madirisha yawe huko, yakielekeana ili upepo upite. Mashariki na magharibi acheni ukuta mtupu.

Paa nalifikiria sana. Mkienda makumbusho ya Bujora pale Kisesa, karibu na Mwanza, mtaona msonge wa Kisukuma: nyasi nene zinazoshuka chini hadi kuukinga ukuta. Ndani kuna ubaridi ambao bati haliwezi kuutoa. Lakini nyasi huogopa moto, na maji ya mvua yanayopita juu yake hayanyweki. Nimechagua bati, kenchi za mikaratusi ya shambani, dari ya mikeka, na nafasi kati ya dari na bati ya kutolea hewa ya moto. Kutoka kwenye msonge tunachukua ule mshuko: paa litatokeza mita 1 kila upande, na baraza litakaa chini ya mtokezo huo.

Kwa hiyo paa litakuwa mita 5 kwa 6, yaani mita 30 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukipata milimita 700 kwa mwaka, ni lita 21,000. Zitapotea kiasi, sawa. Watu wawili wakitumia kwa pamoja lita 30 kwa siku, siku 150 za kiangazi zinadai lita 4,500. Tenki la lita 5,000 linatosha. Taa zitatoka kwenye paneli moja ya sola, na choo kitakaa mbali, upande wa mteremko.

Kama ngitili ni ya kijiji, mchoro huu unaanzia kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kufika kwa fundi. Kubalini wakiwaambia msogee. Kumbukeni pia kwamba kiangazi ng'ombe wataingia, nao hupenda kujikuna kwenye kona za nyumba, kwa hiyo zungushieni uzio wa minyaa.

Matofali yashindiliwe Mei, malambo yakiwa bado na maji. Kuta zipande Juni na Julai. Bati, gata na tenki viwe tayari kabla ya Novemba, na mvua ya kwanza iacheni imwagike nje, kwa sababu hiyo inaosha vumbi la paa.