Lori likianza kula oili ghafla, usikimbilie kufungua injini

WENYE malori makuukuu hushtuka injini iliyokuwa nzima inapoanza kufuka moshi wa samawati na kumaliza oili kila safari. Mara nyingi lawama huangukia ringi za pistoni, na mwenye gari huambiwa injini ifunguliwe, kazi ambayo ni ya gharama kubwa.

Hata hivyo, ringi kwa kawaida huchakaa polepole. Tatizo linapozuka ghafla, yafaa yachunguzwe kwanza mambo mepesi.

Oili ipimwe lori likiwa mahali tambarare. Ikiwa imepita alama ya juu, ipunguzwe. Pili, paipu ya kupumulia injini ikaguliwe, kwani ikiziba, oili husukumwa hadi ndani ya silinda. Tatu, paipu ya hewa itokayo kwenye turbo ifunguliwe. Ikikutwa na oili nyingi, huenda sili za turbo zimeharibika.

Moshi ukitoka dereva anapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu, sili za vali ndizo za kushukiwa. Ukizidi lori likipanda mlima na mzigo, huku hewa ikipuliza kwa nguvu kwenye mdomo wa kutilia oili, basi ringi zina kesi ya kujibu.

Turbo mbovu isipuuzwe kamwe. Injini ya dizeli inaweza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, ikanguruma kupita kiasi na kukataa kuzimika hata ufunguo ukizungushwa. Isiponyimwa hewa upesi, huvunjikavunjika.