Viazi ndani ya mandazi: nyuzinyuzi zisipotee

Hapa Kalemie asubuhi nyingi zinaanza na chai na mandazi. Unga mweupe wa ngano tunaununua, na pumba zake, zenye nyuzinyuzi nyingi, zimeshaondolewa kiwandani. Viazi vitamu tunalima wenyewe, na mavuno yakija kwa wingi vingine vinaoza. Basi tuvikutanishe hivi viwili.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo tumbo halisagi. Zinasaidia kupata choo vizuri, zinashibisha, tena zinapunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mandazi peke yake hayafikishi kiasi hicho. Mboga na maharage vibaki kwenye sahani.

Jirani zetu wameshaanza. Rwanda wanatengeneza biskuti za viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na Kenya mkate wake umeuzwa supamaketi. Viazi hivyo vina pia vitamini A, ambayo vile vyeupe karibu havina. Mwaka 2016 watafiti wake, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Namna ya kufanya:

1. Osha viazi sana, kata palipooza, chemsha na maganda mpaka vilainike.
2. Menya, kisha ponda vizuri kwenye kinu. Usichuje! Ukichuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio.
3. Changanya vikombe 3 vya unga na kikombe 1 cha viazi vilivyopondwa, pamoja na chachu.
4. Maji tia kidogo kidogo, maana viazi vina maji yake. Hapa ndipo wengi wanaharibu: donge linakuwa uji.
5. Viazi vilivyopondwa vitumie siku hiyohiyo, vinachacha haraka.

Boga linafanya kazi vilevile, ila lina maji zaidi. Lengalenga chemsha, kamua, katakata ndogo, tia kiganja kimoja tu. Sombe mbichi msitie kabisa: ina sumu, lazima itwangwe na kupikwa sana kwanza.

Tukizidisha viazi, donge haliumuki vizuri na mteja anakataa. Kwa hiyo kila kikundi kianze na kilo moja ya unga. Andikeni gharama ya unga, viazi, mafuta na makala, hesabuni mandazi yaliyotoka, na onjesheni wateja. Hesabu ikikubali, hapo ndipo tuongeze.