Kidonge cha Bibi na Forodha ya Jeddah

Wanachama wengi wa chama chetu wana mzee anayejiandaa kwenda Hija au Umra. Mkobani mwake, kati ya tasbihi na kandambili, hakukosi vidonge vya magoti. Kama ni tramadoli au kodeini, bibi huyo anashuka Jeddah akiwa na mihadarati.

Neno hilo tumelipata kwa Waarabu wenyewe: mukhaddirat, vitu vinavyotia ganzi. Sisi tumewaachia mateja na unga wao. Sheria ya Saudia ya mwaka 2005 inakusanya zaidi ya hapo. Adhabu ya magendo yaweza kufika kifo, na Novemba 2022 watu walianza tena kutekelezewa hukumu ya kifo kwa makosa ya aina hii. Naam, bibi si mlanguzi. Lakini afisa wa forodha haoni magoti, anaona kidonge.

Mgonjwa hakufungiwa mlango. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia hutoa kibali kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari, kwa cheti na ripoti ya daktari. Kiasi kisizidi matumizi ya siku 30, au ya muda wa ziara ukiwa mfupi zaidi. (Vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti, kama wafanyavyo wazee wetu, havina wa kuvitetea.)

Na ndani ya nchi hiyo hiyo mofini ina heshima yake. Hospitali ya King Faisal mjini Riyadh imekuwa ikituliza maumivu ya wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1990. Sheria ile kali, nayo, haimshtaki mtumiaji anayejipeleka mwenyewe kutibiwa au anayepelekwa na jamaa zake. Riyadh na Jeddah zilijengewa hospitali za Al Amal kwa kazi hiyo.

Hofu yangu ni kwamba wajukuu, wakisikia habari ya upanga, watamnyang'anya bibi vidonge vyote. Afyuni kwa Kiswahili cha zamani ni kasumba, na tumebaki na kasumba kwamba kila kitokacho humo ni cha teja. Uganda iliivua mapema: Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993, huwapa wagonjwa mofini ya maji wakainywa nyumbani kwao.

Tawafu ni mizunguko saba, kisha Safa na Marwa mara saba. Kwa magoti yale, bila dawa? Mpelekeni kwa daktari mapema, aandikiwe ripoti au abadilishiwe dawa.